Ukuta wa Bibi: Pambo la Mavuno Unaloweza Kulitengeneza na Wazee

Rafiki msomaji, hebu tuanze na swali dogo. Mara ya mwisho uliingia lini ndani ya nyumba ya mzee? Hatusemi kupita nje mbio mbio na kurusha "shikamoo" huku umeshageuza mgongo. Tunasema kuingia, ukapewa kigoda, ukakaa, ukatazama ukutani.

Kama uliwahi, basi unajua kinachoning'inia pale. Kalenda ya mwaka juzi. Kioo chenye ufa. Picha ya harusi iliyopauka. Msumari wenye koti ambalo mwenyewe ameshafariki. Mara nyingi basi, ni hayo tu.

Katika makala hii tutakueleza jinsi ya kutengeneza pambo la ukutani pamoja na mzee, kwa vitu ambavyo baada ya mavuno hutupwa au huchomwa moto. Usicheke! Unaweza kusema hiyo ni kazi ya watoto wa chekechea, inahusu nini afya? Soma hadi mwisho ndipo uamue.

WENZETU WANAFANYAJE?

Huko Japani, zaidi ya robo ya watu wote wana umri wa miaka 65 na kuendelea. Baadhi yao hushinda au huishi katika vituo vya kutunzia wazee. Kila msimu ukibadilika, wazee hao hukaa mezani pamoja na wahudumu wao na kutengeneza mapambo ya ukuta. Kuanzia Septemba hadi Novemba, majani ya miti huko hugeuka mekundu na ya njano kabla ya kupukutika, na wazee huchana karatasi za rangi vipande vidogo vidogo na kuvibandika hadi vikawa picha ya mti. Tena Jumatatu ya tatu ya Septemba ni sikukuu ya taifa ya kuwaheshimu wazee.

Sasa rudi nyumbani. Wewe uliyeko Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama tangu ilipomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, huna msimu wa majani mekundu. Lakini una msimu wako. Mvua zikishakatika, kuanzia Mei hadi Julai, watu wanavuna mtama, uwele, mahindi na alizeti. Kisha inakuja kiangazi, mibuyu inabaki mitupu, na mashambani yamelala mabua. Huo ndio wakati wa kazi yetu: chakula kimeshaingia ghalani, na malighafi imejaa kila mahali, bure.

Na usidhani kupamba ukuta ni jambo la kuazima. Jirani zetu wa Kondoa, mkoani Dodoma, wana michoro ya mapangoni ambayo mwaka 2006 iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wa kale waliichora miambani kwa rangi nyekundu na nyeupe. Huko Usukumani nako, vyama vya wacheza nyoka vilikuwa na nyumba zilizochorwa kuta zake kwa ndani, na mtafiti Hans Cory aliziandikia kitabu kilichotoka mwaka 1953. Kwa hiyo mzee wako naye huenda anakumbuka jinsi nyumba zilivyopambwa alipokuwa kijana. Muulize.

INAHUSU NINI AFYA?

Inahusu sana. Tutataja mambo matatu.

Kwanza, upweke. Watoto wameenda Singida mjini, Arusha au Dar es Salaam, mwenzake ameshatangulia, marafiki wamekwisha. Mzee anakaa kibarazani tangu asubuhi hadi jua linazama, na anayemsemesha ni kuku. Upweke wa namna hiyo hudhuru mwili na akili. Ndiyo maana Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu ya kushughulikia suala hili la watu kukosa wenzao.

Pili, vidole. Kusuka, kukunja, kupitisha uzi, yote hayo ni mazoezi kwa mikono inayoanza kukakamaa. Mzee hatakubali umwambie "fanya mazoezi ya vidole", lakini ukimpa maganda ya mahindi asuke, atasuka.

Tatu, kumbukumbu. Mikono ikishika mabua, mdomo nao hufunguka. Atakusimulia mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, jinsi walivyopura mtama usiku wa mbalamwezi. Zamani hata madaktari walidhani mzee anayesimulia mambo ya kale kila mara ameanza kuchanganyikiwa. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba sivyo: kuyapitia maisha yako ukiwa mzee ni kazi ya kawaida ya akili, na inaweza kumpa mtu amani. Kwa hiyo bibi akianza ile stori uliyoisikia mara nne, usimkatize. Muulize swali la tano.

MACHO MEKUNDU SI UCHAWI

Hapa tuzungumze kwa uwazi, maana ni suala la uhai wa watu.

Huko Usukumani na katika mikoa ya jirani, wazee, hasa akina mama, wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Mara nyingi sababu iliyotajwa ni macho mekundu. Jamani, mtu aliyepika miaka hamsini kwa kuni, mabua na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Ni moshi. Ni vumbi. Pengine ni ugonjwa wa vikope, ambao unatibika ukiwahiwa na usipotibiwa hupofusha. Na mzee anayetangatanga usiku au kumsahau mwanawe wa kumzaa, huyo hawangi. Kuna ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya wazee ukawafanya wapoteze kumbukumbu na njia ya kurudi nyumbani. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumpeleka kituo cha afya.

Uvumi hupata nguvu pale mzee anapokuwa peke yake. Nyumba ambayo haingii mtu ni rahisi kuizushia jambo. Lakini nyumba ambayo vijana watano wanaingia kila Jumamosi wakiwa na mabua na uzi, kila mtu kijijini anajua kilichomo ndani, na siku mtu akileta maneno kilabuni au kisimani, kuna vijana watano wa kusema: "Acha hizo. Sisi tunashinda pale." Hii ndiyo sababu kubwa tunakuhimiza uifanye kazi hii.

VIFAA

Mwiko wa kwanza: chakula si cha kuchezea. Ukimwaga mtama safi kwenye gundi mbele ya mzee aliyeona njaa, utafukuzwa, na atakuwa na haki. Isitoshe, nafaka ukutani huita panya. Tumia mabaki tu:

- Masuke ya mtama na uwele yaliyokwisha kupurwa.
- Vichwa vya alizeti vilivyokwisha kupigwa.
- Maganda ya mahindi, yale laini ya ndani.
- Mabua makavu.
- Kipande cha gunia. Gunia la katani ndilo zuri zaidi, ila siku hizi ni adimu; shuka nene kuukuu au kiroba kilichofuliwa vizuri kinafaa pia.
- Fito mbili zilizonyooka, kila moja ndefu kidogo kuliko upana wa gunia.
- Sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa katani au kamba nyembamba ya gome la mbuyu.

Ukitaka rangi, chemsha maganda ya mahindi pamoja na majani ya chai, yatakuwa ya kahawia. Ukiweka binzari ya manjano, yatakuwa ya njano. Udongo mwekundu, udongo mweupe na mkaa uliosagwa vinatosha kuchorea.

Usitumie vitu hivi: mbegu za dukani zilizopakwa dawa (zile zenye rangi ya waridi, bluu au kijani), kwa sababu mzee asiyeona vizuri au mtoto anaweza kuzitia mdomoni; kiroba kilichowahi kubeba mbolea au dawa ya wadudu; chokaa ya dukani, maana huunguza macho na ngozi; na mabaki yoyote yenye ukungu. Kumbuka mwaka 2016 sumukuvu, ile inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hapo hapo jirani. Mahindi au karanga zikiota ukungu, si za kula wala za kupambia.

HATUA KWA HATUA

1. Nenda ukaombe. Siyo "Bibi, tumekuja kukusaidia." Sema hivi: "Shikamoo bibi. Nimekuja unifundishe kusuka." Sentensi ya kwanza inamfanya mzigo, ya pili inamfanya mwalimu. Akikuitikia "marahaba, mume wangu, leo umenikumbuka?", na wewe mtanie, ndio utani wa bibi na mjukuu. Akikataa, usimlazimishe, rudi siku nyingine na maji ya kunywa au kuni.

2. Kusanyeni mabaki, myaanike juani siku mbili, kisha myakung'ute ili wadudu na vumbi vitoke. Kukung'uta kufanyike mbali na mzee, hasa kama ana pumu au kikohozi.

3. Loweka maganda ya mahindi kwenye maji kama nusu saa. Yatalainika na hayatakatika.

4. Mwache mzee achague picha. Ua kubwa la alizeti? Mbuyu? Ng'ombe? Nyumba ya tembe aliyozaliwa? Ukishamwambia "tutengeneze hiki", kazi imekuwa yako. Akisema hajui, mwulize: "Zamani mlipovuna, nyumba mliipambaje?" Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa maneno yako, mpe muda.

5. Tandika gunia chini kivulini, mpange vitu bila kushona kwanza. Kwa ua, kichwa cha alizeti kinakaa katikati na maganda yaliyokunjwa yanazunguka kama majani ya ua. Kwa mti, mabua yaliyopasuliwa ni shina na masuke ni matawi. Sogezeni hadi mzee aridhike.

6. Suka maganda matatu matatu kama unavyosuka nywele, upate mkanda mrefu wa kuzungusha pembeni. Hii ni kazi nzuri ya mzee, hata asiyeona, kwa sababu vidole vinajua njia.

7. Shoneni. Kijana mwenye macho mazuri atunge uzi. Mzee aseme wapi sindano ipite. Kama hamna uzi wa kutosha, pikeni gundi: kikombe kimoja cha unga wa muhogo kwa vikombe vinne vya maji baridi, koroga hadi madonge yaishe, pika kwa moto mdogo mpaka iwe nzito na ya kung'aa. Ipoe kabisa kabla mzee hajaigusa.

8. Shoneni ufito mmoja juu na mwingine chini, ili gunia lisijikunje. Fungeni kamba ya kutundikia.

9. Tundikeni. Kwenye ukuta wa udongo msipige msumari mkubwa, udongo utabomoka. Chongeni kijiti kigumu mkipachike taratibu. Pambo lisiwe juu ya kitanda wala karibu na mafiga au kibatari, kwa sababu mabua makavu hushika moto upesi.

10. Kwa ruhusa yake, andikeni nyuma ya gunia jina la mzee na mwaka.

Mabua yana makali kama wembe, unajua, kwani ulitengeneza magari ya mabua ulipokuwa mdogo. Kupasua ni kazi ya vijana.

CHUNGA UNACHOKITUNDIKA

Labda umewaza: kwa nini tusitumie ungo uliochakaa? Ni wa duara, ni mwepesi, unapendeza ukutani. Ni kweli unapendeza. Lakini unajua wenyewe watu wanasema nini kuhusu ungo na safari za usiku. Wewe utaondoka, ungo utabaki, na mtu mmoja mwenye nia mbaya akiingia atatoka na habari. Hivyo hivyo kibuyu kidogo, mifupa, manyoya, pembe, au kitambaa chekundu na cheusi. Kwa kijana wa mjini hayo ni mapambo. Kwenye nyumba ya bibi anayeishi peke yake yanaweza kugeuzwa ushahidi. Tusijidanganye kwamba watu wote wameshaacha imani hizo. Tundikeni alizeti.

KAMA NI MAKAZI YA WAZEE

Hapa kwetu wazee wengi huishi majumbani. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo msingi wa matunzo. Lakini wapo wazee wasio na mtu, na serikali ina makazi kwa ajili yao. Katika mkoa wa Singida yapo Sukamahela, wilayani Manyoni. Mengine ni kama Kolandoto huko Shinyanga, Ipuli Tabora, na Nunge Dar es Salaam. Zanzibar yapo Sebleni na Welezo.

Kama klabu yenu ya shule inataka kwenda, mwoneni kwanza Afisa Ustawi wa Jamii na kiongozi wa makazi. Msiende kama watalii. Picha zipigwe kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, na ukuta mtakaoupamba uwe ule wazee wanaouona wakiwa wamekaa au wamelala, si ule wa ofisini unaoonwa na wageni.

Baadhi ya makazi hayo yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma, na mnaweza kukutana na wazee waliopoteza vidole. Msiogope. Ukoma unatibika kwa dawa mchanganyiko ambazo zimependekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1981, na mtu aliyemaliza tiba hakuambukizi. Makovu na ulemavu hubaki, ugonjwa haupo. Mpe mkono, msalimie, kaa karibu naye.

Ila jambo moja mlizingatie: ganzi. Mzee aliyepata ukoma, au mwenye kisukari cha muda mrefu, anaweza kuchomwa na sindano au kuunguzwa na gundi ya moto asisikie. Mpeni kazi ya kusuka maganda laini, na mkimaliza mtazame naye mikono yake kama ina mkwaruzo. Kidonda kidogo kikiachwa huwa kikubwa.

MASWALI UNAYOWEZA KUWA NAYO

"Mzee wetu hasikii vizuri. Nifanyeje?" Kaa mbele yake kwenye mwanga, aone mdomo wako. Sema polepole na kwa sauti nzito. Kupiga kelele hakusaidii, na humfanya aone unamgombeza.

"Haoni. Atafanya nini?" Mpe ashike kila kitu, umtajie ni nini na utakiweka wapi. Halafu ulizia hospitalini. Mara nyingi upofu wa wazee ni mtoto wa jicho, na huo huondolewa kwa upasuaji mfupi.

"Anachoka haraka." Saa moja inatosha. Chagueni asubuhi au jioni jua likipungua, mkae kivulini, na maji ya kunywa yawepo. Pambo si lazima liishe siku moja. Kwa kweli ni vizuri lisiishe, ili muwe na sababu ya kurudi.

"Kazi yake imekuwa mbaya, nirekebishe akishalala?" Hapana, bwana! Ukifumua alichoshona utakuwa umemwambia mikono yake haina kazi tena. Acha kama kilivyo.

"Mimi ni mvulana, wenzangu watanicheka." Wacha wacheke. Wape mabua wapasue.

ANZA LINI?

Anza mavuno haya haya. Kila tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 baada ya Umoja wa Mataifa kuitangaza mwaka uliotangulia. Mkianza Juni au Julai, iwe Nduguti, Iguguno, Kinyangiri au Ibaga, ikifika siku hiyo mtakuwa na mapambo ya kutosha kuyaonyesha shuleni au kwenye ofisi ya kijiji, na wazee wenyewe wakiwa wamekaa mbele kama mafundi.

Mwakani majani yatakuwa yamepauka na mchwa wameshaonja fito. Ni kawaida. Yashusheni mkatengeneze mengine, kwa mavuno mapya. Wiki hii wewe tafuta mzee mmoja tu, ambaye si lazima awe ndugu yako. Beba maganda machache ya mahindi, piga hodi, subiri ukaribishwe, na mwombe akuonyeshe kusuka.